Modeli Yangu na Nguruwe wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Oktoba

Maji ya bomba yametoka kijani tena. Kijani kama mchuzi wa mboga uliolala. Binti yangu Salomé hakwenda shule, tumbo. Mke wangu Nidia anachemsha maji tangu asubuhi na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyatia rangi. Nikamwambia avute subira, sayansi iko kazini. Akauliza sayansi itafika lini, maana gesi inakwisha.

Habari kubwa ni ya ofisini. Mkurugenzi, doctora Fabiola, alituita mimi na mwenzangu Yolima. Mji wote wa Santa Brígida unanung'unika, na baraza linataka kujua uchafu unaingia bwawa la Guadual kutoka wapi. Kila mmoja wetu atengeneze modeli ya kompyuta ya bonde zima. Atakayelieleza jambo hili vizuri mbele ya baraza atakuwa mkuu wa kitengo kipya cha maji. Kuna chumba. Kuna dirisha. Kuna kiti kinachozunguka.

Nilimtazama Yolima Buriticá. Amevaa mabuti ya mpira, matope mpaka magotini, ndani ya ofisi ya Mkurugenzi. Mtu wa namna hiyo atakaaje kwenye kiti kinachozunguka?

Jumanne, 4 Oktoba

Yolima ameondoka na pikipiki kwenda kufunga vipima mvua na kuchota maji ya mito kwenye vichupa. Mimi nimebaki na kahawa yangu. Modeli haihitaji matope. Unaipa kompyuta umbo la ardhi: vilima, udongo, mashamba ya kahawa, mifugo. Kisha unainyeshea mvua. Yenyewe inafuata kila tone: limeanguka wapi, limezama au limetiririka, limezoa nini njiani, limeishia wapi. Mwenye akili analijua bonde lote bila kulowa soksi.

Nimeingiza kila kitu kwa uaminifu mkubwa. Sikuwa na sababu ya kufanya vingine.

Jumatano, 5 Oktoba

Modeli imefanya kazi. Ni nzuri kupita kiasi. Mstari wake na vipimo vya bwawa vya miaka iliyopita vinafuatana kama mtu na kivuli chake. Nilisimama, nikaizunguka meza, nikakaa. Papo hapo nikaituma kwa Mkurugenzi, na kwa Yolima pia, ili imkere. Niliandika: "Hii hapa. Haihitaji nyongeza."

Baada ya hapo ndipo nikaitazama ramani yenyewe. Bonde lote ni kijani kibichi, ila doa moja jekundu kama jipu, juu ya kijito cha La Sonora. Nikalivuta karibu. Nikaona barabara ninayoijua. Nikaona paa ninalolijua, maana bati moja nililipigilia mimi na bado limepinda.

Ni kwa mama mkwe. Banda la nguruwe.

Na kwa mama mkwe ndiko ninakoishi. Doña Eduviges ndiye mwenye nyumba, mwenye uwanja, mwenye nguruwe, na mwenye kauli. Nguruwe wake wa kuoka mzima mzima, aliyejazwa wali na njegere, hakosekani kwenye harusi yoyote ya mji huu. Maji ya kuoshea banda yanaingia kwenye mtaro, mtaro unaingia kwenye kijito, kijito kinaingia bwawani. Modeli inasema mvua kubwa ikinyesha mchana, uchafu wa banda unafika kwenye bomba la mji kabla jua halijatua.

Kwa hiyo kinyesi kinatoka nyuma ya nyumba yetu, kinashuka mjini, kisha kinarudi jikoni kwetu na kuingia tumboni mwa Salomé. Nikalifikiria jambo hili kwa huzuni. Kisha nikakifikiria kiti.

Wakati wa chakula cha mchana nikajaribu kwa upole. Nikamuuliza doña Eduviges kama hajawahi kufikiria kufuga kuku, ndege safi, wasio na makuu. Akaweka mwiko chini.

"Mkwe, nikumbushe. Hii ni nyumba ya nani?"

Nikasema supu imekolea kweli leo.

Alhamisi, 6 Oktoba

Siku ya kazi ya kitaalamu. Kwanza niliwaondoa nguruwe kwenye modeli. Wekundu ukahamia shamba la kahawa la kaka yake Mkurugenzi. Nikawarudisha nguruwe haraka. Kisha nikaufanya udongo wa nyuma ya nyumba yetu kuwa mchanga unaonyonya maji kama sifongo. Bwawa likakauka. Nikaona hapo nimezidisha.

Halafu wazo likanijia, na nilipoliona nilijua mimi si mtu wa kawaida. Kilima. Nyuma ya nyumba yetu kuna kilima, na ng'ambo yake wanaishi watawa na mbuzi wao na bustani yao ya mboga. Maji yao huelekea upande mwingine kabisa, bwawa hayalijui. Nikakishika kile kilima kwenye kompyuta, nikakiinamisha kidogo. Kidogo tu, kama mtu anavyonyoosha picha ukutani. Maji ya watawa yakapanda, yakavuka, yakashuka bwawani. Doa jekundu likahamia utawani.

Dhamiri yangu ni safi. Watawa hawafanyi maandamano. Hawana harusi za kupikia. Na kusamehe ni kazi yao.

Nikatuma modeli mpya, nikaeleza kwamba ile ya jana ilikuwa na kosa dogo, waifute. Mkurugenzi akajibu sawa. Yolima hakujibu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Yolima anataka kuchota maji kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba yetu! Nikamwambia njia imeporomoka. Akasema atazunguka. Nikamwambia dume la mama mkwe ni kali, limewahi kumng'ata mganga wa mifugo. Akasema amekulia na nguruwe.

Niliporudi nyumbani mchana nilimkuta jikoni kwetu. Kwenye kiti changu. Anakula ngozi ya nguruwe iliyokaangwa na mkate wa mahindi, mabuti yamekaa mlangoni kama ya mwenyeji. Mama mkwe alikuwa anacheka. Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kumchekesha yule mwanamke kwa kukusudia.

"Mkwe, huyu ndiye injinia," akaniambia. "Tazama kucha zake."

Nikatazama. Zilikuwa chafu.

Ili nisionekane sina maana, nikamwahidi mama mkwe kwamba nitamletea vitamini za nguruwe, za kisasa, za unga, kutoka kwa mtu ninayemjua. Simjui mtu yeyote. Lakini alinikatia kipande kikubwa.

Jumanne, 11 Oktoba

Ushindi. Nimesimama mbele ya baraza zima. Nilivaa koti. Niliwaonyesha maji yakitembea kwenye ukuta, bluu, halafu yanageuka mekundu yakipita utawani, halafu yanaingia bwawani. Don Ramiro, mwenyekiti wa baraza, alisema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo tangu walete sinema ya uwanjani. Wakapiga makofi.

Mkurugenzi aliuliza kwa nini modeli ya kwanza ilikuwa inasema kitu tofauti. Nikamjibu kwamba modeli ni kama lori asubuhi ya baridi. Safari ya kwanza inatoa moshi tu. Don Ramiro, ambaye ana malori, alitikisa kichwa kwa kuelewa.

Zamu ya Yolima ikafika. Akasema hana jibu bado. Ana vichupa vichache na anasubiri mvua kubwa ili aone maji yanabeba nini yakiwa na nguvu. Akaongeza kwamba yeye amepita kile kilima kwa miguu, na alipokuwa akielekea kwa watawa alikuwa anateremka.

Don Ramiro akamwambia, "Binti, mwenzako ameleta sinema, wewe umeleta vichupa."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa kiasi, kama mkuu wa kitengo.

Baraza limeamua kuwaandikia watawa wauze mbuzi. Salomé bado yuko kitandani. Nidia aliniuliza tumejua uchafu unatoka wapi. Nikasema utawani. Akauliza, "Utawani wanaosha nguruwe?" Sikuelewa alichomaanisha. Nilikwenda kupiga pasi koti.

Jumatano, 12 Oktoba

Mama Mkuu wa watawa amekuja ofisini. Anaitwa Mama Inocencia. Ni mfupi, mwembamba, anatembelea fimbo, na walinzi wote wawili walisimama alipopita. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Mwanangu," akaniambia, "nimeishi kule juu tangu nikiwa msichana. Nikimwaga beseni, maji yanakimbia kwenda bonde la pili. Sasa wewe unasema yanapanda. Naomba unionyeshe. Si kwenye ukuta. Macho yangu hayawezi tena vitu vya ukutani. Nionyeshe chini."

Nikaanza kueleza habari ya miinuko na vigezo. Yolima akanikatiza. Akasema ofisi ina unga wa rangi unaotumika kwa kazi hii hasa. Waridi kali, hauna madhara hata ng'ombe akiunywa. Jumamosi tuumwage utawani mbele ya watu, kisha tutazame bwawa. Bwawa likigeuka waridi, watawa wauze mbuzi. Lisipogeuka, wiki ijayo tutamwaga kwa doña Eduviges, kwa sababu modeli ya kwanza ya Injinia Ananías ilionyesha hapo.

Ananías ndiye mimi. Nikahisi jasho kwenye soksi.

Mkurugenzi akakubali. Mama Mkuu akaniombea baraka, kwa jina langu kamili, mbele ya watu. Ilinikaa vibaya.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimepata dawa. Ni rahisi mpaka inatia aibu. Bwawa lazima ligeuke waridi Jumamosi, basi mimi mwenyewe nitaligeuza. Wakati wenzangu wamekwenda kunywa kahawa, nilifungua kabati la Yolima nikachota nusu ya ule unga, nikautia kwenye kopo tupu la maziwa. Jumamosi, watu wote wakiwa utawani, nitapita bwawani kama mtu anayenyoosha miguu.

Tatizo lilikuwa pa kulificha kopo. Ndani haiwezekani, Nidia anafagia mpaka chini ya mawazo ya mtu. Nimeliweka kwenye kibanda cha chakula cha nguruwe, nyuma ya magunia ya pumba. Hakuna anayeingia pale ila mama mkwe.

Nasoma sentensi hiyo na naona haina kasoro.

Ijumaa, 14 Oktoba

Naandika nikiwa nimejifungia stoo. Nataka mambo yaandikwe kwa utulivu.

Asubuhi Yolima aliniuliza kama nimegusa kabati lake, unga umepungua. Nikamwambia unga wa aina ile hunywea kwa unyevu. Akanitazama muda mrefu. Nikaenda kunywa maji, nikakumbuka ni ya bomba, nikayatema.

Mchana mawingu yakashuka, mvua ikanyesha. Si mvua ya kawaida. Mitaro ya mjini ilifurika, mbwa walipanda juu ya meza za soko. Yolima alikimbilia pikipiki na vichupa vyake kama mtu aliyeitwa harusini. Mimi nilifurahi, nilidhani labda shughuli ya Jumamosi itaahirishwa.

Mvua ilipokatika, karani wetu alikwenda kuosha vikombe. Akarudi na kikombe kimoja mkononi, akakiweka mezani kwangu. Maji ya waridi.

Nilikimbia nje. Kinyozi wa mkabala alikuwa amesimama mlangoni, mteja wake ana povu la waridi kichwani. Mama wa mgahawa ametoa sufuria ya wali barabarani watu wautazame. Wali wa waridi. Kwenye chemchemi ya uwanjani watoto walikuwa wanaruka na kupiga kelele, na hakuna mzazi aliyewakataza, maana wazazi wenyewe walikuwa wanatazama tu. Na unga wa Yolima uliobaki ulikuwa bado kabatini. Utawani hakijamwagwa hata kijiko.

Don Ramiro akatoa mwavuli akasema tufuate rangi. Mji wote ukaifuata. Bwawani, kisha kando ya La Sonora kwenda juu. Mimi nilitembea nao nikiwaambia warudi, njia imeporomoka. Njia haikuwa imeporomoka.

Mama mkwe alikuwa amesimama getini kwa furaha. Nyuma yake, nguruwe wake weupe, wale wakubwa wa sikukuu za Desemba, walikuwa waridi kuanzia puani mpaka mkiani. Waridi wa nguo ya bibi arusi wa kijijini. Dume lilikuwa limelala mtaroni, na maji yaliyolipita yalishuka yakiwa na rangi ya kuumiza macho.

"Karibuni, karibuni," akasema. "Mkwe wangu kaniletea zile vitamini. Alizificha nyuma ya pumba anishtukize. Nimewapa wote, na zilizobaki nimewaogeshea. Kwa kweli leo nimemwona ana maana."

Mama Inocencia pia alikuwa amekuja, ameshikwa mkono na mtawa mmoja. Aliutazama mtaro, akatazama maji yanakoelekea, akanitazama mimi.

"Sasa nimeona," akasema. "Asante, mwanangu."

Yolima alikuwa amepiga magoti mtaroni, anajaza kichupa. Akatazama jua, lililokuwa bado juu ya mlima. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba modeli ya kwanza ilisema hivi hivi: mvua kubwa ya mchana, na kabla ya jua kutua uchafu uko bombani. Ile ya kwanza haikukosea hata kidogo.

Kisha Nidia akatoka ndani. Alikuwa amesikia. Alimtazama mama yake, akautazama mtaro, akanitazama. Akaniuliza mbele ya watu wote, polepole, "Baba Salomé, ulijua tangu lini?"

Nikasema hilo ni swali la kitaalamu. Ndiyo sababu niko stoo.

Jumanne, 18 Oktoba

Mambo yamekwenda vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Baraza limekutana. Mkurugenzi alisimama akasema modeli ya kwanza ya Injinia Ananías ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa na ofisi hii, na ya pili ndiyo mbaya kuliko zote. Akaomba sehemu zote mbili za kauli yake ziandikwe. Nimeamua kuikumbuka ile ya kwanza. Ofisi itaitumia kupanga usafi wa bonde zima, jina langu likiwa chini kabisa, kwa herufi ndogo lakini nzuri.

Yolima amepewa kitengo. Chumba, dirisha, kiti. Nilipita nikachungulia: kiti amewekea mabuti, yeye amekaa juu ya meza. Hakutaka nifukuzwe. Aliwaambia kwamba mtu aliyeweza kutengeneza modeli kama ile anafaa, ila asiachwe peke yake nayo. Nimelichukulia kama sifa.

Mama mkwe alilia. Sikuwahi kumwona akilia. Hakulia kwa ajili ya nguruwe. Alilia kitandani kwa Salomé, amemshika mguu, akisema yeye ndiye aliyekuwa anamlisha mtoto uchafu, na hakuna aliyemwambia. Halafu akasimama, akaleta sururu, akanipa mimi. Kuna shimo la kuchimba, refu na pana, la kuwekea maji ya banda yageuke mbolea yasiende mtoni. Yolima alichora. Mimi nachimba. Nidia haongei nami ila kunielekeza pa kutupa udongo.

Jumatano, 26 Oktoba

Shimo limekwisha. Maji ya bomba yanaanza kuwa maji. Salomé amerudi shule na ameomba wali mara mbili. Nguruwe wamebaki na waridi kidogo masikioni, na watu wa miji ya jirani wanakuja kuwatazama. Mama mkwe amepandisha bei.

Nimekaa chini nimefikiri kwa kina juu ya yaliyotokea. Lazima mtu ajikosoe. Kosa langu lilikuwa kopo. Kopo la maziwa halina kifuniko cha kufunga.

Jumatatu, 31 Oktoba

Mkuu wa kitengo, yaani Yolima, amenipa kazi mpya. Kila asubuhi nipande mpaka utawani, nisome kipima mvua, niandike, nishuke. Anasema modeli nzuri inalishwa na mtu aliyelowa. Mama Inocencia ataniandalia uji.

Nimewaza usiku kucha na nimepata njia. Kupanda kilima kila siku ni upotevu wa kipaji. Nimetengeneza modeli ndogo, yangu binafsi, inayokisia mvua ya asubuhi kwa kutumia mvua za Oktoba zote zilizopita. Naifungua nikiwa kitandani, chini ya blanketi, naandika jibu lake, natuma. Hakuna atakayejua.

Leo ndiyo siku ya kwanza. Nimeshatuma: *Utawani, asubuhi kavu, jua zuri.*

Nidia anagonga mlango anasema nitoke nikamsaidie kunyanyua magodoro, sebule imejaa maji. Nimemwambia asubiri. Naona vigumu kuandika, wino unasambaa. Kuna mahali paa linavuja juu ya kitanda. Nitaiongezea modeli kigezo cha paa.